Mume wa Nyar Uyoma

Hakuna kitu cha Kisumu kinachoweza kunishangaza. Nimekuwa nikisema hivyo kwa miaka, na mwenye kubisha namwambia aje tuhesabu. Niliingia mji huu kutoka Usenge nikiwa na shati moja na darasa la tano ambalo sikulimaliza. Leo nina tuktuk tatu barabarani, vyumba vya kupangisha Obunga, na nyumba yangu mwenyewe Mamboleo, ya mawe, yenye geti la chuma lililochomelewa jogoo wawili juu yake kwa sababu nilitaka jogoo. Nimeona maji ya ziwa yakiingia hotelini watu wakiwa bado mezani. Nimeona kiboko akipita kando ya barabara kama mtu anayetoka kazini. Nimeona matajiri wakifilisika na walevi wakiokoka. Nilidhani mji umeshanionyesha kila ulicho nacho.

Kisha mke wangu akahamia.

Nieleze kidogo. Kwetu mwanamume anaweza kuwa na nyumba mjini hata kumi, lakini boma ni la nyumbani, na boma linataka mtu wa kuwasha moto. Kwa hivyo miaka hiyo yote yeye alikaa Usenge, akalea watoto, akalima, akaanika omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni, nami nikawa naenda mwisho wa mwezi na sukari na nyama. Kitinda mimba wetu alipoingia shule ya bweni, nikamwambia sasa njoo tukae pamoja. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijiona nikimtembeza Kisumu, namwonyesha hapa ndipo nilipolala siku ya kwanza, hapa ndipo nilipoibiwa, hapa ndipo nilipomshinda aliyeniibia. Nilimwona yeye akiwa nyuma yangu kidogo, ananiuliza, nami namjibu.

Mimi mji huu nilijifunza kwa namna moja tu. Siku yangu ya kwanza niliuliza njia ya kwenda soko la Kibuye. Kijana mmoja akanizungusha, akanipitisha vichochoro, akanifikisha, kisha akanidai pesa ya kunisindikiza, na soko lilikuwa nyuma ya ukuta ule ule tulioanzia. Tangu hapo sikumwuliza mtu wa Kisumu kitu chochote. Nikipotea, nilitembea kama mtu anayejua anakokwenda mpaka nikajua. Nilipanga chumba Obunga nikaanza kukaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki viwanda vikishatoa nyama na kuisafirisha. Sikukopa kwa jirani, sikuomba kiberiti, sikusema nimekwama. Anayeuliza anajulikana ni mgeni, na mgeni analipishwa. Hiyo ndiyo shule yangu, na imejenga nyumba ya mawe.

Wiki ile ya kwanza ya mke wangu nilimkuta anatoka getini na kikombe mkononi.

"Unaenda wapi, Mama?"

"Kuomba chumvi."

Nikarudi jikoni, nikafungua kabati. Kulikuwa na chumvi, pakiti mbili, moja haijafunguliwa. Nikamfuata.

"Chumvi iko."

"Najua iko. Si mimi ndiye niliiweka?"

"Sasa unaomba ya nini? Watu watasema nyumba ya jogoo haina chumvi."

Akaniangalia kwa upole, kama vile mimi ndiye niliyetoka Usenge juzi. "Baba, chumvi ninayo. Jirani ndiye sina."

Akavuka barabara. Alikaa huko mpaka chai yangu ikapoa. Aliporudi alikuwa na chumvi kidogo ndani ya kikombe, na habari zote za nyumba ya mkabala: kwamba mama yule ni muuguzi mstaafu, kwamba goti lake la kushoto linasumbua wakati wa mvua, kwamba ana mtoto Doha asiyepiga simu, na kwamba paka wake amezalia ndani ya boksi la jiko la gesi. Mimi nilikuwa nimeishi mbele ya mwanamke huyo miaka tisa, na nilichojua kwake ni rangi ya pazia.

Nilicheka siku hiyo, lakini haikuwa kicheko. Nilihisi kama mtu aliyeingia shambani mwake akakuta mwingine ameshavuna, tena kwa kikombe.

Mambo yakaanza kwenda mbio. Jumamosi moja tulienda Kibuye pamoja, nikampeleka kwa mama wa viazi, mwanamke wa Nyandarua ambaye nimenunua kwake tangu vitunguu vikiuzwa kwa senti za chuma. Nilitaka mke wangu aone jinsi ninavyoheshimika pale. Kumbe walikuwa wameshajuana. Mama wa viazi alimvuta nyuma ya magunia, akampa kiti, akammiminia chai kutoka chupa yake mwenyewe, wakaanza kuongea habari za wakwe. Mimi nilisimama kwenye jua nimeshika kikapu. Baada ya muda mrefu mama wa viazi akanitupia jicho.

"Na huyu?"

"Huyu ni bwana yangu," mke wangu akasema.

"Aa. Kumbe Nyar Uyoma ako na bwana."

Nyar Uyoma maana yake binti wa Uyoma. Kwetu mke huitwa kwa jina la kwao, na mke wangu alizaliwa upande ule wa Luanda Kotieno, ng'ambo ya Mbita. Jina hilo Usenge lilikuwa la kawaida tu, kama la mke mwingine yeyote. Hapa mjini lilishika moto. Watoto waliliita wakipita. Waendesha bodaboda walipunguza mwendo kulisalimia. Mimi mtaani kwetu nilikuwa nikiitwa Mzee wa Jogoo, kwa sababu ya geti, na nililipenda jina hilo. Siku moja nilikuwa nimesimama kwa kinyozi nikasikia mtu akielekezwa kwangu kukodi chumba. "Nenda pale mbele," kinyozi akamwambia, "ulizia bwana ya Nyar Uyoma."

Nikanyolewa. Nikalipa bila kudai chenji, ili angalau akumbuke hilo.

Nisifiche: kuna wakati nilifikiri ni mambo ya mwanamume. Simu yake ililia sana. Jioni moja tunakula, yeye akiwa ameenda kuchota maji ya kunawa, ikalia, nikaichukua. Sauti ya mwanamume, tena mtu mzima.

"Mama," ile sauti ikasema, "hii samaki ndogo, nilowesha kwa maji moto ama baridi?"

Nikaitambua. Ilikuwa ya yule mzee wa Kihindi mwenye duka la mabati na misumari kule mjini, ambaye nyumba yangu yote imetoka dukani kwake, kuanzia msumari wa kwanza mpaka jogoo. Miaka yote hiyo alichoniambia ni bei tu. Sasa mke wake alikuwa amekatazwa nyama nyekundu na daktari, na wao nyumbani si watu wa samaki, ndipo akapigiwa simu mtaalamu.

"Moto," nikamwambia.

"Nani anaongea?"

"Ni mimi. Mzee wa Jogoo. Mteja wako."

"Sawa, sawa. Mpe Mama simu."

Afadhali angekuwa mpenzi. Mpenzi ningejua la kumfanya. Lakini utamfanyia nini mzee anayeuliza habari za omena? Na utamfanyia nini mji mzima, uliokupimia kila kitu kwa mizani, halafu mtu wako anakuja unamjazia kwa mikono miwili bila kupima?

Kilichonimaliza ni mkutano wa mtaro. Mvua zilikuwa zimeubomoa mtaro wa mtaa wetu na maji yakawa yanaingia kwa watu. Tukaitwa tukutane uwanjani, na nilijua wazi ni nani atakayeongea: mimi ndiye mwenye nyumba kubwa, na mimi najua bei ya saruji. Nilivaa koti. Nilikuwa na maneno yangu kichwani, yamepangwa vizuri, na kichekesho kimoja katikati. Muuguzi mstaafu ndiye aliyesimamia mkutano. Nikainua mkono. Akanipa ishara ya kungoja, akageuka.

"Nyar Uyoma, wewe unasemaje?"

Akasimama, na leso yake, akasema maneno machache sana. Alisema kabla ya kuchanga pesa mtu aende akawaulize wale wa juu, kwa sababu maji yanatoka kwao, pengine wao nao wanataka mtaro. Watu wakapiga makofi. Kuuliza tu. Hicho ndicho walichokipigia makofi. Nami nikarudi nyumbani na hotuba yangu nzima ndani ya koti.

Jumapili baada ya chakula nikamwambia boma la nyumbani limeingiliwa na mchwa.

"Mchwa?"

"Wamepanda mpaka dari. Kaka amenipigia. Nyumba haiwezi kukaa bila mwenyewe."

Akaacha kufuta meza. "Ile nyumba uliyosema mbao zake zimelowekwa dawa, mchwa akinusa tu anakufa?"

"Hata dawa huisha nguvu."

"Nikae huko mpaka lini?"

"Mpaka waishe."

Akaendelea kufuta meza mahali ambapo palikuwa pamekwisha kuwa safi. "Sawa, Baba," akasema. Kesho yake akaondoka na mfuko mmoja. Hakulia, hakuuliza tena, na hakukasirika. Nilijua ameelewa, naye alijua kwamba najua.

Sasa nikawa na Kisumu yangu peke yangu, kama zamani. Nilidhani nitapumua. Lakini kila aliyenikuta alikuwa na swali moja. Kinyozi: Nyar Uyoma amerudi? Mwenye kibanda cha maji: Nyar Uyoma anarudi lini? Watoto walikuja wakagonga geti, wakaona ni mimi, wakaondoka. Nami kila aliyeuliza nilimwongezea mchwa. Kwa kinyozi walikuwa darini. Kwa mwenye maji walikuwa wameingia kabatini. Nilipofika kwa muuguzi walikuwa wamekula mguu wa kitanda na mke wangu alikuwa analala chini.

Nilipopita kwa mzee wa mabati kununua kufuli, akanipa chupa ya achari ya maembe iliyofungwa kwa kitambaa. "Ya Mama," akasema. "Mke wangu ametengeneza. Usimwage." Sikuipeleka popote. Niliila yote peke yangu kwa hasira, na ilikuwa tamu, jambo lililoniongezea hasira.

Nyumbani ndipo palipokuwa na shida zaidi. Nilikuwa nimeishi mji huu peke yangu miaka mingi na sikuwahi kusikia ukimya wake. Sasa niliusikia. Nilikuwa nikirudi naketi na redio, na ninashangaa ni kwa nini nauangalia mlango. Nikampigia simu nikamwuliza habari za mahindi. Alinieleza habari za mahindi. Nikangoja aseme anarudi lini, naye akangoja niseme, tukaagana. Nilianza kuona kwamba anaweza kukaa kule mpaka tuzeeke, na kwamba atakaa bila kelele yoyote.

Asubuhi moja naosha pikapu, muuguzi akavuka barabara na goti lake.

"Mzee, kesho unakuja na gari yetu ama unakuja na yako?"

"Kuja wapi?"

"Usenge. Tunaenda kumwona Nyar Uyoma. Tumekodi gari, tumejaa, lakini ukitaka tutakubanania nafasi."

Wamekodi gari. Kwenda kwangu. Na mimi watanibanania nafasi. Nikamwambia nina gari langu, asante, na kwamba mimi nilikuwa ninaenda hata hivyo. Kesho yake nikaondoka mapema na nikaendesha kama mwizi, nikapita Bondo bila kusimama hata kwa chai, ili wakifika wanikute nimesimama mlangoni kwangu kama mwenye boma. Nilijiambia ninakwenda kuwapokea wageni. Ukweli ni kwamba nilikuwa ninakwenda kumrudisha, na niliogopa wasije wakamrudisha wao.

Nilikuta uwanja umefagiwa na viti vimepangwa kivulini, vya kwetu na vya kuazima.

"Umefika," akasema. "Wageni wako nyuma?"

"Ulijua wanakuja?"

"Mimi ndiye nimewaelekeza njia. Kwa vile umewahi, shika huyo kuku."

Nikashika kuku. Gari likaingia likiwa na nyimbo ndani yake. Wakashuka na unga, sukari, mikate, na nyuma yao muuguzi akiwa amevaa gambuti, na mgongoni bomba la kunyunyizia dawa, lile la wakulima. Mzee wa mabati alikuwa ametoa galoni nzima ya dawa ya mchwa kwa bei ya kununulia, na wao wakachanga. Walikuwa wamekuja kazini.

Nilipewa nafasi ya kuongea, maana kwangu ni kwangu. Hatimaye nikasimama, na watu wametulia, na nikaanza safari yangu tangu lile shati moja. Nilikuwa nimefika kwenye mgongo wazi muuguzi aliponikata, kwa heshima kabisa.

"Mzee, jua linakwenda. Tuonyeshe hao mchwa kwanza."

"Mchwa gani?" akauliza mke wa kaka yangu, anayeishi mita chache kutoka mlango ule.

Wakaingia ndani, nami nyuma yao. Wakainua kitanda, kikiwa na miguu yake yote minne. Wakafungua makabati. Wakaniomba nigonge fremu za milango kwa sababu mimi ndiye fundi wa mambo hayo, nikagonga, na kila fremu ikalia kavu na imara, vile nilivyowasifia watu mwenyewe.

"Niliwaua," nikasema. "Wiki iliyopita."

"Ukiwa Mamboleo?" muuguzi akauliza.

Mke wa kaka akakohoa mpaka akatoka nje. Wanawake wengine wakawa wanaangalia dari kwa bidii. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. Angeweza kunimaliza kwa neno moja, na nililingoja.

"Mchwa hawako tena," akasema. "Njooni mle."

Tulikula. Baadaye nikamfuata nyuma ya jiko, anakosuuza vyombo.

"Twende Kisumu," nikamwambia.

"Mpaka mara nyingine?"

"Hakuna mara nyingine."

"Simu yangu ikilia wakati unakula?"

Nikachukua sahani moja nikaanza kuifuta.

"Baba, mimi siumii huku. Nina mahindi, nina watu. Wewe ndiye unaumia kule, nikiwepo na nisipokuwepo." Akaweka sufuria juani. "Nitarudi nikiwa na mlango wangu. Pale karibu na kibanda cha maji pana nafasi. Omena na mboga. Siku ukitaka tena kunitoa, unikute nina kitu cha kufunga kwanza, na ufunguo ni wangu."

"Watu watasema nimeshindwa kukulisha."

"Watasema wakinunua. Nitawapimia."

Niliona yote pale pale: foleni, viti, chai, mtaa mzima ukiegemea kaunta yake na kucheka, na mimi nikipita. Ningemwambia hapana. Dereva akapiga honi. Mke wangu akafuta mikono.

"Kama ni hapana, nawasindikiza mpaka barabarani narudi. Sitakulaumu."

Na asingenilaumu, hilo ndilo lililonitisha.

"Sawa," nikasema.

Nikamfungulia mlango wa mbele wa pikapu. Akaenda kwenye gari la wanawake. "Hawa ndio walionifuata," akasema, "siwezi kuwaacha njiani." Nikaendesha nyuma yao hadi Kisumu, vioo nimefunga kwa sababu ya vumbi, na bado nyimbo nilizisikia. Walipofika, dereva akaja kwangu kuchukua nauli yake ya kwenda na kurudi. Nani alimwambia ni mimi, sijui. Nikalipa.

Kibanda kiko wazi sasa. Foleni ipo, kama nilivyoiona. Mzee wa mabati huja mwenyewe Ijumaa kuchagua omena, na mimi hunisalimia kwa kuinua kidole. Jioni napita pale, mke wangu ananipimia mboga kama mteja mwingine, na kuna watu wanaocheka naye ambao sijui majina yao. Inaniuma. Lakini usiku funguo mbili zinalala kwenye meza moja.

Na kwa kuwa nimesikia kwa kinyozi kwamba Nyar Uyoma alijijengea kibanda mwenyewe, wacha niweke hapa, aone mwenye kusoma. Mabati ni yale mazito, mbao nilichagua mimi, kufuli, mizani, gunia la kwanza la omena na lile gari la Usenge, vyote ni jasho langu: shilingi elfu sabini na nane, mia nne na hamsini.